Kazi Ughaibuni, Lango Mawinguni: Somo Dogo la Mitandao kwa Sisi wa DMV

Toleo hili nimepewa kurasa za somo, na kwa kuwa wengi wenu mnajua ninasomea mambo ya mitandao, naomba mnivumilie nianze na kisa, halafu tuingie darasani.

Mwaka 2023 nilikuwa nafanya kazi ya mafunzo kwenye kampuni moja upande wa Virginia. Siku tatu kwa wiki naenda ofisini, siku mbili nafanyia chumbani kwangu Silver Spring, laptopu kitandani, chai pembeni. Mwezi wa nne nikapigiwa simu, babu amefariki. Nikaomba ruhusa. Bosi akasema pole sana, nenda, ila ile ripoti ya Ijumaa uimalizie huko huko. Nikamjibu hakuna shida, siku hizi kazi ni popote.

Basi nikafika Moshi usiku. Kesho yake watu wanapanga mazishi, mimi niko nyuma ya nyumba karibu na migomba, natafuta mtandao. Nafungua laptopu, inataka namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Simu nimeshaweka laini ya nyumbani, na ile laini ya Marekani imebaki kwenye droo Silver Spring! Nikampigia ninayekaa naye chumba kimoja, akaichomeka kwenye simu yake, akanisomea namba. Nikaingia, lakini dakika kumi baadaye nikatolewa. Hapo binamu yangu, mtu wa maarifa, akanipa programu ya VPN ya bure inayokufanya uonekane uko Virginia. Nikaijaribu. Dakika mbili hazikupita, akaunti ikafungwa kabisa. Ripoti akaiandika mwingine, na niliporudi niliitwa kujieleza kama mwizi.

Nilikasirika, nikasema hawa wananionea kwa sababu ni Mwafrika. Inawezekana kabisa mtu akaonewa hapa, sisemi hapana. Lakini nilipokuja kusoma jinsi ule mfumo ulivyojengwa, nikaona kuwa safari hii nilijifunga mwenyewe, tena mara tatu. Ndiyo maana naandika. Wengi wetu tumetoka kwenye kubeba boksi, sasa tunafanya kazi za laptopu, na laptopu ile ina lango ambalo hatulioni.

Ukuta na lango

Tuanze na zamani. Kampuni ilikuwa na jengo lake, ndani ya jengo kuna seva, na kwenye njia ya kutokea kwenda intaneti kuna fayawoli, yaani kinga inayochuja kinachoingia na kinachotoka. Aliye ndani anaaminiwa, aliye nje haaminiwi. Ukiwa safarini unapewa VPN, ambayo ni kama bomba la siri linalopita kwenye intaneti ya watu wote mpaka ndani ya jengo. Ukishatokea upande wa pili wa bomba, wewe ni mtu wa ndani.

Sisi tunaokaa hapa tuna bahati ya kuwa jirani na mfano mkubwa kuliko yote. Mwezi wa 11 mwaka 2007 Ikulu ya Marekani, kupitia ofisi yake ya bajeti, iliziagiza idara zote za serikali zipunguze njia zao za kutokea intaneti. Njia zilikuwa maelfu, wakataka zibaki kama 50. Hoja yao ilieleweka: milango ikiwa michache, askari wachache wanatosha. Mpango ule ukaitwa TIC.

Tatizo ni kwamba wafanyakazi nao walikuwa wanaanza kutawanyika. Mwezi wa pili mwaka 2010 theluji iliifunga Washington, ofisi za serikali zikalala siku kadhaa, na watu wakaanza kuuliza kwa nini kazi isimame wakati kompyuta ziko nyumbani. Mwezi wa 12 mwaka huohuo Obama akatia saini sheria ya kufanyia kazi nyumbani. Mafaili nayo yalikuwa yanahama, kutoka seva za chini ya jengo kwenda kwenye huduma za wingu. Kwa hiyo mtu yuko nje, faili liko nje, ila njia inawalazimisha wote wawili wapite ndani ya jengo ambalo hakuna mwenye shughuli nalo.

Tupige hesabu kidogo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hupotea. Mwanga ndani ya mkongo wa fiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kutoka Moshi mpaka Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni elfu 120 za sekunde, na hapo hatujagusa ruta hata moja. Lakini mkongo haunyooki. Unashuka mpaka pwani, unaingia baharini, unapanda Bahari ya Shamu, unavuka Misri, unafika Ufaransa, halafu Atlantiki. Ukipima kikweli utapata zaidi ya elfu 200.

Sasa chukua mfanyakazi aliyeko Arusha. Faili lake limehifadhiwa kwenye kituo cha wingu cha Cape Town, ambako Amazon walifungua mwaka 2020. Ofisi yake inataka kila kitu kipite kwenye VPN ya Virginia. Ombi lake linatoka Arusha kwenda Virginia, linageuka kwenda Cape Town, jibu linarudi Virginia, ndipo linakuja Arusha. Karibu nusu sekunde kwa swali moja na jibu lake. Na kompyuta hazisalimiani mara moja zikamaliza, zina heshima kama wazee wetu: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, ndipo mazungumzo. Kufungua ukurasa mmoja salama kunahitaji salamu mbili tatu kabla ya herufi ya kwanza kutumwa, kwa hiyo unangoja sekunde nzima na zaidi mbele ya ukurasa mweupe. Watu wakiona hivyo wanasema intaneti ya Afrika mbovu. Mara nyingi intaneti ni nzima, njia ndiyo ya kichaa.

Nisisitize kuwa mikongo yenyewe imetufaa sana. Kabla ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa 7 mwaka 2009, tulikuwa tunategemea setilaiti, na setilaiti zile zilikuwa kilomita 36,000 juu angani, hivyo kwenda na kurudi kulichukua karibu nusu sekunde hata ufanyeje. Lakini mikongo hukatika. Mwezi wa pili mwaka 2024 ilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka huohuo SEACOM na EASSy zikakatika upande wa kusini, Tanzania ikabaki inahema. Siku kama hizo ukilazimishwa kupita Virginia, kazi hakuna.

Mwizi mwenye ufunguo

Hilo ni la mwendo. La usalama ni baya zaidi.

Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa ofisi ya watumishi wa serikali hapa Washington, OPM, imeibiwa mafaili ya uchunguzi wa watu milioni 21.5, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Wezi hawakuvunja ukuta. Walitumia akaunti ya mfanyakazi wa kampuni iliyopewa zabuni, wakaingia kama watu wa ndani, na kwa kuwa wa ndani anaaminiwa, wakatembea vyumbani kwa miezi. Fomu zile humtaka mtu ataje jamaa na marafiki zake walio nje ya Marekani. Kama una kaka au mjomba aliyeomba kazi ya serikali hapa miaka ile, inawezekana kabisa jina lako, au la shangazi yako aliyeko Machakos, lilikuwa mle.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial lilisimama, na wenye magari hapa Virginia na Maryland wanakumbuka foleni. Wahalifu waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia na ambayo haikudai hatua ya pili ya uhakiki. Paswedi moja tu. Kampuni ililipa fidia ya kama dola milioni 4.4, ingawa baadaye serikali ilizirudisha kiasi. Miezi minne baadaye ikawa zamu ya Howard. Tarehe 3 mwezi wa 9 waligundua wavamizi, wakauzima mtandao wote wa chuo, masomo yakaahirishwa, wai-fai hakuna. Wanajumuiya wenzetu waliokuwa pale watakusimulia walivyohangaika.

Wala VPN yenyewe si lazima iwe imesahaulika. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2024 idara ya usalama wa mitandao, CISA, iliziamuru ofisi za serikali zichomoe vifaa fulani vya VPN ndani ya saa 48 kwa sababu vilikuwa na tundu ambalo wezi walikuwa wanalitumia. Hebu fikiri: kifaa ulichonunua kiwe lango ndicho kimekuwa dirisha lililo wazi.

Daka, kiwanda, ndani

Dawa yake si ukuta mrefu zaidi. Nikitafuta mfano, naona nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe unatufaa kuliko ngome. Mgeni anapokelewa barazani. Akijulikana, anaingia daka. Mwenye shughuli zaidi anafika kiwandani, na ndani kabisa wanaingia wenyewe. Kuvuka kizingiti cha kwanza hakukupi ruhusa ya kizingiti cha pili, na hata mtoto wa nyumba ana chumba asichoingia bila kubisha.

Kwa wanamitandao wazo hili lilipewa jina mwaka 2010 na John Kindervag, wakati huo akiwa kampuni ya Forrester: usimwamini yeyote kwa sababu tu ya mahali alipo. Google walilijenga baada ya kuvamiwa mwaka 2009. Na hapa jirani, Gaithersburg, taasisi ya viwango NIST ililiandikia mwongozo, namba 800-207, mwezi wa 8 mwaka 2020. Mwongozo huo ni wa bure na unasomeka, nawashauri wenye mitihani waupakue. Mwezi wa kwanza 2022 Ikulu ikaziagiza idara zote zielekee huko.

Kwa kweli wanafunzi tunaishi na kipande cha wazo hili kila siku bila kujua. Ile eduroam kwenye simu yako: umesajiliwa chuo cha Maryland, ukienda George Mason simu inaunganika yenyewe, na ukiwa likizo Kampala au Nairobi inaunganika tena, kwa sababu RENU na KENET nao wamo. Chuo ulichokitembelea hakikujui. Kinakiuliza chuo chako, huyu ni wako? Kikijibiwa ndiyo, unaingia. Kinachosafiri ni utambulisho wako, mahali ulipo ni habari nyingine.

Sasa unganisha mambo mawili: uhakiki wa kila mlango, na umbali. Mwaka 2019 wachambuzi wa Gartner walisema basi askari wasikae kwenye jengo, wakae mawinguni, kwenye vituo vingi vilivyotawanyika duniani, ili kila mfanyakazi akutane na askari aliye karibu naye. Wakaibatiza SASE, inatamkwa kama “sasi”. Jina ni la biashara na kila muuzaji analivuta kwake, lakini kitu chenyewe kipo. Cloudflare, kwa mfano, wana vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Tufuate safari moja. Mfanyakazi wa Arusha anafungua laptopu. Programu ndogo iliyomo ndani inatafuta kituo kilicho karibu, tuseme Nairobi. Kituo kinauliza maswali. Wewe ni nani, na unathibitisha kwa nini zaidi ya paswedi? Laptopu hii ni ya kampuni, imesasishwa, diski yake imefungwa kwa siri? Uko wapi, na jana ulikuwa wapi? Unataka nini hasa? Majibu yakiridhisha, unafunguliwa programu moja uliyoomba, si mtandao mzima. Seva nyingine hata huzioni, na usichokiona ni vigumu kukivamia. Kisha ombi lako linatoka Nairobi moja kwa moja kwenda Cape Town. Virginia haihusiki tena. Na maswali hayaulizwi mara moja tu, katikati ya kazi hali ikibadilika mlango unafungwa.

Ofisi zenye matawi huongeza SD-WAN, programu inayochagua njia kati ya fiba, simu na setilaiti kulingana na hali ya wakati ule. Hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa mtaona makosa yangu ya Moshi. Laini ya simu kwenye droo ilikuwa ni uthibitisho uliobaki Silver Spring, na mtu wa pili kunisomea namba ni jambo lile lile ambalo mwizi angefanya. Kisha mfumo ukaona mtu aliyekuwa Maryland juzi yuko Tanzania bila taarifa. Hapo bado ningeweza kupiga simu nikajieleza. Ile VPN ya bure ndiyo iliyonimaliza: anwani zake zinajulikana, wezi nao wanazitumia, na ghafla mimi huyohuyo nimetoka Moshi nikatokea Virginia kwa dakika mbili. Hakuna ndege ya namna hiyo.

Na ubaya wake

Wauzaji hawatakwambia, kwa hiyo nitasema mimi. Ukimweka askari mawinguni, siku wingu likianguka wote mmekwama. Nendeni na treni ya Silver Line mpaka Ashburn, reli ilifika huko mwezi wa 11 mwaka 2022, muone yale majengo yasiyo na madirisha. Hiyo ndiyo Loudoun, kijiji cha vituo vya data, na historia yake inaanzia Tysons, ambako miaka ya 1990 sehemu kubwa ya intaneti ilikutana kwenye MAE-East, chumba kilichokuwa ndani ya jengo la kuegesha magari! Tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 2025 hitilafu ya majina ya anwani kwenye vituo vya Amazon vya Virginia iliangusha huduma nyingi duniani, na hata Canvas ikalala, wengine mkashangilia kuwa kazi ya darasani haipokelewi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 18 mwezi wa 11, Cloudflare nao wakaanguka kwa saa kadhaa kwa sababu ya faili moja lililozidi ukubwa. Kampuni iliyokabidhi lango lake lote kwa mtu mmoja ilikaa barazani siku hiyo.

La pili linatuhusu zaidi. Ili askari aone kama kuna virusi, mara nyingi hufungua bahasha. Laptopu ya kazi huwekewa cheti kinachoruhusu kituo kusoma hata kurasa zenye alama ya kufuli. Si kila kampuni inafanya hivyo, na nyingi huziacha tovuti za benki na hospitali, lakini mara nyingi mtumiaji hajui. Kwa hiyo jamani, barua za wakili wa uhamiaji, mambo ya viza, ugomvi wa mchango wa harusi, fanyeni kwenye laptopu yenu. Na ya kazi asipewe binamu kuangalizia mpira, hata kwa dakika tano. Kila kinachofunguka kinaandikwa kwa jina lako.

Ukisafiri kwenda nyumbani, mwandikie mtu wa kompyuta kazini wiki mbili kabla, taja nchi na tarehe, uliza kama kazi inaruhusiwa kufanyika kutoka huko, maana kampuni nyingine hufunga nchi nzima nzima. Omba ufunguo mdogo wa USB badala ya namba za simu, unafanya kazi popote na hauhitaji laini. Wenye viza ya F-1 wamuulize pia mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni, kwa sababu kazi ina sheria zake na askari wa mawinguni hazijui.

Wanaofikiria kusomea haya: kazi zipo, ila tuambizane ukweli. Nyingi za Washington zinahusu serikali na zinadai uraia. Isitoshe, tangu mwezi wa kwanza 2025 serikali iliamuru watumishi wake warudi ofisini siku zote. Lakini mafaili hayakurudi, bado yako mawinguni, na makampuni binafsi, mabenki na hospitali wanahitaji watu hawa vilevile. Hata nyumbani pia: shirika lenye watu Goma, Kigoma na Nairobi lina tatizo hilihili, na fedha kidogo za kulitatua. Someni kwanza misingi, jinsi anwani na ruta zinavyofanya kazi, vyeti vya wauzaji vifuate baadaye.

Zoezi

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yako. Kwenye Windows andika tracert, kwenye Mac andika traceroute, acha nafasi, kisha andika anwani ya tovuti ya chuo kimoja cha nyumbani. Kila mstari ni ruta moja njiani, na namba zilizo pembeni ni elfu za sekunde za kwenda na kurudi. Mistari mingine itaonyesha nyota tu, usijali, ni ruta zisizopenda kujibu. Tafuta mahali namba zinaporuka ghafla kutoka chini ya 20 kwenda 80 au 90, hapo umevuka Atlantiki. Zikiruka tena na kupita 200, umefika kwetu. Kisha jaribu tovuti ya gazeti moja la nyumbani, na usishangae safari ikiishia kwenye elfu 3 au 4. Gazeti limeandikwa Dar au Nairobi, nakala unayosoma imelala Ashburn. Jaribu tovuti tano, andika ipi inaishia wapi, uje nayo kwenye kikao kijacho tulinganishe.